Ulichosoma Si Ulichopewa

Chukua memori kadi uliyonayo uitazame usoni. Kando ya jina la kiwanda kuna herufi ndogo: SD, SDHC au SDXC. Wanunuzi wengi huziruka wakaenda kwenye namba kubwa, GB 32 au GB 64, kwa kuwa hiyo ndiyo wanayoilipia. Herufi zile, hasa mbili za mwisho katika SDXC, ndizo zilizozaa kisa hiki. Ndani yake mna kampuni mbili kubwa, mwandishi wa programu aliyejificha nyuma ya jina la bandia, na msimbo uliotoka mikononi mwa mwenyewe bila ruhusa. Nakisimulia kwa ajili ya vijana wa ufundi na walimu wao. Katika makundi yao ya WhatsApp na Telegram nyaraka za kiufundi hupita simu hadi simu mchana kutwa, na swali la nani ameruhusu nini huja kuulizwa siku mambo yameshaharibika.

Tuanze na waraka. Agosti 1999 kampuni tatu, SanDisk ya Marekani pamoja na Matsushita, ambayo ndiyo Panasonic ya leo, na Toshiba za Japani, zilitangaza memori kadi mpya iliyoitwa SD. Januari 2000 zikaunda chama cha kuusimamia utaratibu wake, SD Association, chenye makao California. Chama hicho kina matoleo mawili ya maelezo ya kiufundi. Toleo kamili ni la wanachama, na uanachama unagharimu zaidi ya dola 2,000 kila mwaka. Toleo la pili limefupishwa, na hupakuliwa bure na yeyote anayekubali masharti.

Masharti hayo ni nadra mtu kuyasoma. Kijana hubonyeza kukubali, akateremka haraka hadi kwenye jedwali la amri za kadi, akaanza kazi. Angetulia kidogo kwenye kurasa za mwanzo angekuta mambo matatu yamesemwa bila kificho. Kwanza, waraka si siri, ila ni kipande tu cha waraka mkubwa zaidi, na mwenye mali ni chama. Halafu, anayetengeneza kitu kwa kuufuata huenda akahitaji leseni kutoka kwa wale watatu, au kwa SD-3C, kampuni inayosimamia leseni za hataza zao, au hata kwa mtu mwingine ambaye waraka haumtaji. Mwisho, waraka umetolewa kama ulivyo. Ukikupotosha, shauri yako.

Ukiyasoma vizuri maneno hayo utaona kuna ruhusa tatu zinazotembea pamoja na kila waraka wa namna hii. Kusoma, umeruhusiwa. Kuyanakili maandishi na kuyagawa, hilo ni la mwenye hakimiliki. Kutengeneza kifaa na kukiuza, hilo ni la wenye hataza, na hao waweza kuwa watu tofauti kabisa na aliyeandika. Aliyekupa ruhusa moja hajakupa zile nyingine. Hata angetaka kukupa asingeweza, kwa sababu pengine si zake.

Januari 2009 chama kilitangaza SDXC. Kadi za SDHC, zilizokuja 2006, ziliishia GB 32 na zilipangwa kwa FAT32, mfumo mkongwe wa mafaili usioweza kubeba faili moja linalofika GB 4. Wapiga video walikuwa wameshaanza kugonga mpaka huo. SDXC ikafungua njia hadi TB 2, na ikaagiza kadi zipangwe kwa exFAT, mfumo ambao Microsoft iliutoa 2006. Angalia kilichotokea hapo: chama kimeandika kiwango cha wote, na katikati ya kiwango kimeweka kitu cha mtu mmoja. Tangu siku hiyo mtengenezaji wa simu aliyetaka kuandika XC kwenye boksi lake alikuwa na milango miwili ya kubisha, wa chama na wa Microsoft.

Walioona gharama ni kubwa waliuacha mlango wa pili. Ndiyo maana kwa miaka kadhaa simu nyingi za bei nafuu, zikipachikwa kadi ya GB 64 iliyotoka kwenye kamera, zilisema kadi ni tupu au mfumo wake hautambuliki, kisha zikauliza kama ziifomati. Kadi haikuwa tupu. Ilikuwa na harusi ya mtu. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli akibonyeza kukubali, simu ilifuta kila kitu na kuipanga kadi upya kwa FAT32, na mara kadi "ikapona". Mteja aliondoka akilalamika kwamba ameuziwa kadi feki. Kadi feki zipo, tena tele, zile zinazodai GB 64 na tumboni zina GB 4. Lakini hapa tatizo lilikuwa leseni ambayo kiwanda cha simu hakikuilipia, na kati ya fundi na mteja hakuna aliyekuwa na njia ya kulijua hilo.

Sasa, kama exFAT ilikuwa mali ya Microsoft, watu waliujuaje undani wake? Wakati huo kampuni haikuwa imeuchapisha waraka wake kwa ajili ya umma. Hata hivyo waraka ulikuwa hadharani, na aliyeuweka hadharani ni Microsoft yenyewe. Ilikuwa imeomba hataza juu ya sehemu ya exFAT inayoharakisha utafutaji wa majina ya mafaili. Ombi hilo lilichapishwa Marekani Juni 2009, na nyuma yake kulikuwa na kiambatisho: maelezo ya exFAT, toleo la 1.00.

Hili linawachanganya wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na dola. Mvumbuzi anaueleza uvumbuzi wake waziwazi, kiasi kwamba mwenye ujuzi akisoma aweze kuurudia, na dola inamlinda kwa miaka 20 hivi asije mwingine akautumia bila idhini yake. Uwazi ndiyo bei anayolipa. Kwa hiyo waraka wa hataza ndio waraka wa wazi kuliko zote duniani, na papo hapo ndio unaokataza kuliko zote. Aliyekuwa na intaneti Dodoma au Mombasa angeweza kuusoma ule wa exFAT mwanzo hadi mwisho bila kumlipa mtu.

Na angeuelewa. Jambo lenyewe si uchawi. Kila jina la faili hugeuzwa kwanza kuwa herufi kubwa, kisha hupitishwa kwenye hesabu fupi inayozaa namba ya biti 16, na namba hiyo huhifadhiwa pamoja na taarifa za faili. Ukilitafuta faili la harusi katika folda iliyojaa maelfu ya picha, simu haihangaiki kusoma majina herufi kwa herufi. Inalinganisha namba kwa namba, na pale zinapofanana tu ndipo inalisoma jina kuhakikisha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika hesabu hiyo mchana mmoja. Novemba 2012 Marekani ilitoa hataza juu ya wazo hilo, na tangu hapo mwanafunzi yuleyule, kama angeiuza kazi yake Marekani, angekuwa na kesi ya kujibu ingawa hakunakili hata nukta ya mtu.

Nimesema Marekani kwa makusudi. Hataza ina mipaka ya nchi. Ile ya Marekani haimfungi fundi wa Morogoro, isipokuwa imesajiliwa huku pia, ama nchini ama kupitia ARIPO, shirika la kanda lenye makao Harare. Watu wakilisikia hili hupumua, wakadhani mambo yamekwisha. Ila kiwanda cha simu hakitengenezi simu ya Morogoro peke yake. Kinatengeneza moja ya dunia nzima, na woga wake wa mahakama ya Marekani unafika hadi kwenye kibanda cha fundi.

Hakimiliki ina tabia nyingine kabisa. Mfano wake bora ni wa zamani, na wala hauhusu kompyuta. Mwaka 1859 Mmarekani Charles Selden alichapisha kitabu kinachofundisha namna mpya ya kuweka hesabu za fedha, na mwishoni akaweka fomu tupu zenye mistari na vichwa vya kujazia. Baadaye mtu aitwaye Baker akatengeneza vitabu vya hesabu vilivyofuata namna ileile, akipanga vichwa na safu kwa mtindo wake. Selden alikuwa ameshafariki. Mjane wake akashtaki. Mwaka 1879 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba hakimiliki ya kitabu inalinda maelezo yaliyomo, haimpi mwandishi umiliki wa njia anayoifundisha. Aliyetaka kuimiliki njia angeomba hataza. Fikra hiyo ndiyo iliyoingia katika mkataba wa TRIPS wa 1994, ibara ya 9(2): hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi mawazo, taratibu, njia za utendaji wala kanuni za hisabati. Tanzania na Kenya zote ziko ndani ya mkataba huo.

Nikuoneshe kwa karibu maana yake. Ukitaka kuiamsha memori kadi kwa njia rahisi ya SPI, unaitumia baiti sita: 40 00 00 00 00 95. Ya kwanza inabeba namba ya amri, ambayo ni sifuri. Nne zinazofuata ni nafasi ya maelezo ya ziada, na hapa hayapo. Ya mwisho ni namba ya kukagulia kama ujumbe umefika salama. Kadi ikiwa nzima hujibu 01, yaani iko tayari ila haijaanza kazi. Nimekuandikia amri ya kwanza ya kadi ya SD katika gazeti, na sijamwibia mtu. Baiti hizo ni ukweli wa jinsi kitu kinavyofanya kazi. Hakuna njia nyingine ya kuzisema. Lakini ningepiga picha ukurasa wa waraka wa chama, wenye jedwali lao, mchoro wao na aya zao, nikauweka hapa, hadithi ingekuwa nyingine.

Waliokuwa wanaijua tofauti hiyo waliishughulikia exFAT kwa jasho lao. Desemba 2009 Robert Shullich alitoa kupitia taasisi ya SANS utafiti unaouchambua mfumo huo kipande kwa kipande kwa ajili ya wapelelezi wa makosa ya kompyuta. Ukiifungua kadi kwa programu ya kusoma baiti utaona alichokuwa anakitazama: kwenye sekta ya kwanza kabisa, baada ya baiti tatu za mwanzo, kuna neno EXFAT likifuatiwa na nafasi tatu. Naye Andrew Nayenko, mwandishi wa programu huria, aliandika draiva ya exFAT ya Linux kwa kuuchunguza mfumo, na toleo la 1.0 likatoka Januari 2013. Ilifanya kazi nje ya keneli, yaani kiini cha Linux, kupitia FUSE, kwa hiyo haikuwa na kasi sana, lakini kila mstari ulikuwa wake.

Kwa upande wa hakimiliki Nayenko alikuwa msafi. Kwa upande wa hataza wingu lilibaki juu ya kichwa. Debian, moja ya miradi inayosambaza Linux, wakaiweka draiva yake katika hazina yao. Fedora, mradi mwingine wa namna hiyo, wakaiacha nje kwa sababu ya hataza. Hao wote ni watu makini, wenye nia moja, wameutazama msimbo mmoja wakafika uamuzi tofauti. Na Fedora hawakuwa waoga bure. Februari 2009 Microsoft ilikuwa imeishtaki TomTom, kampuni ya Uholanzi ya vifaa vya kuonesha njia barabarani, na miongoni mwa hataza zilizotajwa zilikuwamo za majina marefu katika FAT, huo mfumo mkongwe uliokuwa kila mahali kiasi kwamba watu walishasahau kama una mwenyewe. TomTom walitumia Linux. Mwezi uliofuata wakapatana nje ya mahakama. TomTom wakakubali kulipa, na kuondoa baadhi ya uwezo huo katika vifaa vyao.

Hapo ndipo tunafika katikati ya 2013.

Kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kugawana msimbo, ikatokea draiva nyingine ya exFAT. Hii ilikaa ndani ya keneli, ikawa na kasi, na ilikuwa imebandikwa alama ya GPL, leseni ya programu huria inayomruhusu kila mtu kutumia, kubadili na kusambaza mradi msimbo na masharti yaleyale viandamane. Watu wakafurahi. Kumbe msimbo haukuwa wa aliyeuweka. Ulikuwa wa Samsung, ulioandikwa kwa ajili ya vifaa vyake vya Android, na ulikuwa umevuja. Mwekaji, aliyekuwa akitumia jina la bandia, alipoulizwa kuhusu uhalali alijibu kwa ufupi kwamba yeye ni mwandishi wa programu, si mwanasheria. Msimbo huo hapo, kila mtu aamue mwenyewe.

Jibu hilo nimelisikia kwa Kiswahili mara nyingi. Mtu anatuma PDF ya waraka wenye muhuri wa siri wa kiwanda, akiulizwa anasema yeye amepokea tu na kupeleka mbele. Tatizo ni kwamba alama ya leseni si kibandiko cha bei ambacho yeyote dukani anaweza kukibandua na kubandika kingine. Leseni ni neno la mwenye mali. Aliyeandika GPL juu ya msimbo wa Samsung hakuufanya kuwa huria. Aliwatengenezea wenzake mtego. Tuseme wewe una kampuni changa ya kutengeneza vifaa, umeona alama, umeamini, umeuweka msimbo katika bidhaa yako na kuiuza. Siku Samsung ikigonga mlango, huna karatasi ya mwenyewe. Una neno la mtu usiyemjua hata jina. Wapo walioipakua draiva ile kwa furaha siku ya kwanza wakaja kuifuta baadaye, na wapo walioendelea nayo wakisema liwalo na liwe.

Kisa kingeishia hapo kingekuwa chepesi mno: mwizi, mali na mwenye mali. Lakini wajuzi walipouangalia msimbo wakamgeukia mwenye mali. Draiva hii inaishi ndani ya keneli ya Linux, na keneli ya Linux iko chini ya GPL. Samsung ilikuwa imeisambaza ndani ya vishikwambi vyake ikiwa imefungwa, bila kutoa msimbo. Je, yenyewe ilikuwa imetimiza masharti ya leseni ya watu wengine ambao kazi yao iliitumia? Suala likafika Software Freedom Conservancy, taasisi ya Marekani inayofuatilia utekelezaji wa GPL. Hawakukimbilia mahakamani. Walikaa na Samsung wakazungumza, na Agosti 2013 Samsung ikautoa msimbo wa exFAT rasmi, chini ya GPL, kwa mkono wake yenyewe.

Napenda vijana waitazame hatua hii kwa makini, maana kuna namna mbili za kuielewa na moja ni ya hatari. Ya hatari inasema: umeona, yule mvujishaji alikuwa sahihi, mwishowe msimbo ukawa huria. Mwisho haukuanzia kwake. Msimbo ulikuwa huria tangu siku Samsung ilipousaini, na aliyeutumia kabla ya hapo aliutumia bila ruhusa aliyodhani anayo. Kilichoibana Samsung ni deni lake kwa waandishi wa Linux, deni ambalo lingekuwepo hata kama hakuna kilichovuja. Mhandisi wa kiwanda anayechukua kazi huria na kuifungia kabatini anaangukia shimo lilelile la kijana anayechukua kazi ya kiwanda na kuiita huria. Wote wawili wamedhani kwamba kitu kikishafika mkononi, kimekuwa chao.

Na bado mlango wa hataza ulikuwa umefungwa. Hilo ndilo lililowashangaza wengi. GPL ya Samsung iliwapa ruhusa ya Samsung, lakini wazo la kutafuta majina kwa namba halikuwa la Samsung. Kwa miaka sita msimbo ulikuwepo, halali upande wa hakimiliki, na keneli rasmi ya Linux haikuuchukua. Wenye simu wakaendelea kuulizwa kama wafomati.

Agosti 28, 2019 Microsoft ilibadili msimamo. Ilichapisha waraka wa exFAT kwa umma, ikatangaza kuunga mkono exFAT kuingia katika keneli, na ikataka iingizwe katika orodha ya programu zinazolindwa na Open Invention Network, umoja ambao wanachama wake hawashtakiani kwa hataza zinazogusa Linux; Microsoft ilikuwa imejiunga nao Oktoba 2018. Novemba 2019 ikatoka Linux 5.4 ikiwa na draiva ya exFAT, na draiva hiyo ilitokana na ule msimbo wa zamani wa Samsung, uliokuwa umezunguka mtandaoni miaka yote hiyo. Mei 2020, katika Linux 5.7, ikabadilishwa na draiva mpya zaidi iliyoletwa na wahandisi wa Samsung wenyewe. Ukiyafungua mafaili yake leo, mstari wa juu unataja leseni ya GPL, na chini yake kuna hakimiliki ya Samsung Electronics, 2012-2013.

Narudi kwa mwalimu wa ufundi, maana yeye ndiye anayeniuma. Anafundisha wanafunzi 40, hana bajeti, na toleo lililofupishwa la waraka wa SD ni bure. Anajiuliza kwa nini asilipeleke steshenari akatoa kopi 40, au asilitupe kwenye kundi la darasa. Ushauri wangu ni wa kawaida: wape kiungo, kila mmoja aende apakue kwa mkono wake na akubali masharti kwa jina lake. Ni dakika mbili. Kwa kufanya hivyo pia watapata toleo jipya, kwa kuwa PDF zinazozunguka kwenye makundi mara nyingi ni za miaka ya nyuma, na aliyesoma toleo la zamani anaweza kuhangaika siku nzima na kadi ambayo kosa lake ni kuwa mpya. Kwa ajili ya ubaoni, achore jedwali lake mwenyewe kwa Kiswahili: namba ya amri, kazi yake, jibu la kadi. Hiyo ni kazi yake, ana haki nayo, na anaweza hata kuichapisha. Sheria zetu zina nafasi kwa mwalimu kunukuu kwa kiasi kwa ajili ya mafundisho, lakini kunukuu kwa kiasi hakuwi kurasa zote kuanzia jalada.

Waraka kamili wa wanachama ni suala jingine, na hapo sina huruma nyingi. Ukiona PDF yake kwenye Telegram, ujue imetoka kwa mtu aliyesaini mkataba wa kutoitoa. Ukiisoma, umejibebesha mzigo hata kama hujainakili, kwa sababu siku utakapodai kwamba draiva yako umeiandika kwa kuchunguza kadi na kusoma nyaraka za wazi, utaulizwa ulichosoma. Nayenko angeweza kujibu swali hilo kwa utulivu. Aliyefungua ile PDF hawezi. Tena kwa kazi nyingi za darasani na hata za biashara ndogo haihitajiki: toleo lililofupishwa limeacha nje mambo ya ulinzi na usiri, likabakiza karibu kila kitu kinachohitajika kuandika na kusoma data.

Kuna njia nyepesi zaidi ambayo vijana wengi wanaipitia bila kujua. Mwandishi wa Japani anayejulikana kwa jina la ChaN ametoa maktaba iitwayo FatFs, inayotumika katika vifaa vidogo vyenye memori kadi: vipima joto, mita, redio, vifaa vya shuleni. Leseni yake ni ya ukarimu, na ameambatanisha maelezo ya SD kwa maneno na michoro yake. Ndani ya faili la mipangilio, ffconf.h, kuna mstari unaoitwa FF_FS_EXFAT. Unakuja ukiwa na 0. Ukiweka 1, na majina marefu (FF_USE_LFN) yakiwa yamewashwa pia, kifaa chako kinaanza kusoma kadi za GB 64 bila kulalamika. Katika maelezo yake ChaN anawaonya watumiaji kwamba exFAT ina hataza za Microsoft, na kwamba bidhaa ya kuuzwa huenda ikahitaji leseni, kutegemea inakopelekwa. Ahadi ya 2019 ilihusu Linux na wale walio ndani ya umoja ule. Kifaa kidogo kisicho na Linux hakikutajwa. Kwa zoezi la chuoni, badilisha uweke 1 ujifunze. Ukiwa na oda ya vifaa 500 vya kupeleka nje, irudishe 0, zifomati kadi zako kwa FAT32, au mwandikie Microsoft kwanza uulize bei.